Fundi mwenye pumu na lenzi iliyokosa kamera

Mwaka 2014 niliuziwa kamera ya dhahabu. Nilikuwa nimevuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu kutafuta madaftari ya bei ya jumla kwa ajili ya shule, na mfanyabiashara mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, akaniita pembeni na kufungua kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na kamera ndogo ya chuma, inang'aa kama pete ya harusi, na juu yake pamechorwa kwa herufi za mlazo neno Leica, na chini ya neno hilo Ernst Leitz Wetzlar. Akanieleza kwamba iliachwa na ofisa wa Kijerumani na kwamba Ulaya watu wanaigombania. Nikajiona nimebahatika. Nikatoa mshahara wangu wa miezi miwili pamoja na fedha niliyokuwa nimeitunza kununua mabati ya nyumba ya mama.

Ningekuwa mtu asiyejua lolote nisingetapeliwa. Kilichoniponza ni kujua nusu. Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi mwaka 1972, na shule zote nimezisomea Tanzania. Pale makazini alikuwapo mpiga picha mmoja mzee aliyezunguka kwa baiskeli siku za soko. Kamera yake mwenyewe ilikuwa ya kawaida tu, lakini alipokuwa akisubiri wateja alitusimulia habari za Leica kama vijana wa leo wanavyosimulia habari za wachezaji wa Ulaya. Yeye ndiye aliyepiga picha pekee ya familia yetu: baba amesimama, mama ameketi kwenye kigoda, mimi nimepakatwa, nyuma ukuta wa matofali ya udongo. Picha hiyo tulirudi nayo mwaka 2009 ikiwa ndani ya Biblia ya mama. Shamba tulilikuta na mtu mwingine. Picha angalau ilikuwa yetu.

Basi nikahangaika miezi kadhaa kutafuta mnunuzi, mwisho nikaipeleka kamera kwa fundi mmoja Bujumbura. Fundi akaizungusha lenzi ikatoka, kisha akanionyesha ndani ya mdomo wa kamera, upande wa juu, kijiti cha chuma kinachogusa nyuma ya lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica halisi ncha ya kijiti hicho ni kigurudumu cha mviringo. Yangu ilikuwa na kikabari. Ilikuwa Zorki, kamera ya Kisovieti, imekwanguliwa jina lake, ikapakwa rangi ya dhahabu na kuchorwa jina la wengine. Lenzi nayo iliandikwa Elmar, lakini fundi akaimulika kwa tochi na kunionyesha kwamba zile bati nyembamba za kuongeza na kupunguza mwanga zimekaa nyuma ya kioo cha pili. Kwenye Elmar ya kweli ziko mara tu baada ya kioo cha kwanza. Yangu ilikuwa Industar-22. Juu ya hayo pazia la ndani ya kamera lilikuwa limechanika, haingeweza kupiga hata picha moja. Akanirudishia vyote katika mfuko wa plastiki na hakunitoza kitu, nadhani kwa kunihurumia.

Mabati niliyapata mwaka 2017, kwa mkopo. Katika miaka hiyo mitatu, kwa hasira, nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu mtu aliyebuni kitu kilichonitia hasara. Hasira ikaisha njiani. Mtu huyo ndiye ninayetaka kumsimulia leo.

Oskar Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg, kusini mwa Berlin. (Tulipishana miaka mia moja, jambo lisilo na maana yoyote ila nimelipenda.) Alijifunza ufundi katika karakana moja ya Lichterfelde, pembeni mwa Berlin, kisha akahama kutoka karakana hadi karakana, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana wa Kijerumani. Mwaka 1902 akapata kazi katika kampuni ya Zeiss mjini Jena, iliyosifika kwa vioo vya hadubini na lenzi. Hakuwa na shahada. Alikuwa mtu wa tupa, msasa na kipimo.

Jambo la kwanza la kumjua mtu huyu ni kwamba alikuwa na pumu. La pili ni kwamba alipenda sana kupiga picha porini. Mambo hayo mawili hayakupatana. Kamera ya siku hizo ilikuwa sanduku la mbao, na picha ilinaswa juu ya bamba la kioo. Barnack alikuwa na kamera ya mabamba ya sentimita 13 kwa 18. Hebu fikiria: sanduku, mabamba ya kioo ndani ya vishikizo vyake, stendi ya miguu mitatu, vyote mgongoni, kupanda milima ya msitu wa Thuringia kwa mapafu yasiyovuta pumzi vizuri. Wenzangu mnaobeba marobota ya mitumba kutoka Kigoma mnajua mzigo unavyozungumza na kifua.

Akiwa Jena alijaribu dawa ya kwanza. Alichukua bamba moja kubwa akaligawa ili linase picha ndogo 15 hadi 20, kisha azikuze. Haikufaa. Picha zilipokuzwa zilionekana kama zimetengenezwa kwa punje za mchanga, kwa sababu kemikali iliyopakwa kwenye mabamba haikuwa laini vya kutosha. Akaliweka wazo hilo kando, lakini hakulitupa.

Huko Jena alikuwa na rafiki, Emil Mechau, aliyehangaika na mashine za sinema. Mechau akahamia kampuni ya Ernst Leitz katika mji mdogo wa Wetzlar, kando ya mto Lahn, na huko akamtaja Barnack. Kwa Barnack ilikuwa shida: afya yake ilikuwa imemzuia kupata ajira ya kudumu Zeiss, na sasa angeomba kazi mahali pengine akiwa yule yule mgonjwa. Alieleza wazi habari za afya yake, na Leitz wakamchukua hivyo hivyo. Alianza kazi tarehe 2 Januari 1911. Sisi tuliorudi na vyeti vya nje tunajua maana ya kuandika barua ya kazi ukiwa na jambo ndani yake litakaloweza kuifanya iwekwe chini ya rundo. Hapa ndipo nilipoanza kumpenda.

Leitz hawakuwa watu wa kamera. Walikuwa watu wa hadubini. Mwaka 1907 walimkabidhi daktari Robert Koch hadubini yao ya 100,000, na Koch ndiye yule aliyekuwa visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907 akichunguza ugonjwa wa malale. Kazi ya Barnack ilikuwa kuongoza karakana ya majaribio ya hadubini. Kamera ilikuwa jambo lake la pembeni, na alivumiliwa.

Alitengeneza kamera yake ya sinema, na kwa hiyo mikononi mwake ukawapo mkanda wa filamu wa milimita 35, mwembamba, mwepesi, wenye matundu pembeni. Picha moja ya sinema kwenye mkanda huo ilikuwa milimita 18 kwa 24. Kwa picha ya kutazamwa ikiwa imetulia ilikuwa ndogo mno. Barnack akaulaza mkanda upite kwa ubavu, akaunganisha nafasi ya picha mbili kuwa moja: milimita 24 kwa 36. Naomba msomaji uzikumbuke namba hizi mbili, zitarudi.

Kufikia mwaka 1914 alikuwa na kamera ya chuma inayoingia mfukoni. Lenzi yake ya kwanza ilitoka katika familia ya lenzi za kazi za hadubini. Negativu ndogo, picha kubwa, hilo ndilo lilikuwa shauri lake zima. Mwaka huo huo mtoto wa mwenye kiwanda, Ernst Leitz wa pili, alikwenda nayo New York akapiga picha. Agosti vita vikaanza, na Barnack akapiga picha mitaani Wetzlar siku tangazo la kuita askari lilipobandikwa. Mwaka 1920 mto Lahn ulipofurika akapiga picha za mitaa iliyogeuka mito. Nimeziangalia mara nyingi. Watu wamesimama wakitazama maji kama tulivyosimama sisi kutazama Gatumba ikizama. Hizo si picha za studio. Mtu wa sanduku na bamba la kioo asingefika pale kwa wakati, na kama angefika, watu wangejipanga na kumtazama yeye badala ya maji.

Kamera ikakaa kabatini. Vita vikaisha, fedha ya Kijerumani ikaanguka hadi mwaka 1923 mkate ulinunuliwa kwa noti za mabilioni. Kiwanda kilitengeneza kamera chache za majaribio na kuwapa watu waliojua mambo hayo, na si wote waliozisifu. Wengine waliona ni kichezeo, tena kidogo mno kwa vidole vya mtu mzima. Mwaka 1924 Ernst Leitz wa pili, ambaye sasa alikuwa amerithi kampuni, aliwaita wakuu wake. Hoja za kupinga zilikuwa nyingi na hazikuwa za kijinga: hakuna soko, hakuna filamu iliyoandaliwa, na kampuni ingeweza kupoteza fedha ambayo haina. Alisikiliza kwa saa nyingi, kisha akaamua peke yake kwamba itatengenezwa. Alikuwa na wafanyakazi wa kulisha, na hadubini peke yake hazikutosha. Mwaka 1925, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, ikatolewa kwa jina Leica, yaani Leitz na kamera. Kwa wafanyabiashara wenzangu niongeze hapa kwamba moja ya zile kamera chache za majaribio, yenye namba 105, iliyokuwa ya Barnack mwenyewe, iliuzwa mnadani Wetzlar mwaka 2022 kwa euro milioni 14.4. Si ile iliyokuwa ndani ya kitambaa chekundu.

Lenzi ya Leica ya kwanza ilikokotolewa na Max Berek, mtaalamu wa hesabu na mwanga pale Leitz. Ilikuwa ya milimita 50, na baada ya kubadilishwa mara moja mbili ikaja kuitwa Elmar. Hesabu za Berek ndizo zilizompa Barnack haki, kwa kuwa negativu ndogo haina msamaha: kosa dogo la lenzi linakuzwa pamoja na picha.

Sasa nafika mahali ninapotaka kukaa kidogo. Kamera za mwanzo zilikuwa na lenzi isiyotoka. Mwaka 1930 wakatoa kamera ambayo lenzi yake inazungushwa kama kifuniko cha chupa na kutolewa, ili mwenye nayo aweke nyingine ya kuona mbali au ya kuona upana. Lakini kila lenzi ilibidi irekebishwe kiwandani kwa ajili ya kamera ile moja. Ukiitoa hapa na kuiweka kwenye kamera ya jirani, picha inatoka na ukungu. Ilikuwa sawa na kuwa na ufunguo unaofungua nyumba moja tu, na nyumba ikiungua, ufunguo unabaki chuma. Mwaka 1931 wakabadilisha. Umbali kutoka ukingo wa mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ukawekwa kuwa milimita 28.8 kwa kila kamera, na upana wa mdomo wa kuzungushia ukabaki milimita 39. Kamera zilizofuata kipimo hicho zilichongwa alama ndogo ya sifuri mdomoni. Tangu hapo lenzi yoyote ya Leica iliweza kukaa kwenye kamera yoyote ya kipimo hicho.

Ukisoma vitabu vinavyomsifu Barnack, vingi vinakaa kwenye uzito wa kamera na kwenye ile 24 kwa 36. Mimi naona kazi kubwa ya karakana yake ni hii ya mwaka 1931. Ni kazi ya uhasibu, haina mvuto. Lakini ndiyo inayofanya mwalimu wa Makamba apige picha leo kwa lenzi ambayo kamera yake ilikufa.

Mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Unatazama kwenye kitundu, unaona sura mbili za mtu mmoja. Unazungusha lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Hapo lenzi imelenga. Kile kijiti chenye kigurudumu nilichoonyeshwa Bujumbura ndicho kinachofanya kazi hiyo. Leica III ilifuata mwaka 1933. Barnack hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa kwa nimonia tarehe 16 Januari 1936 huko Bad Nauheim, akiwa na umri wa miaka 56. Kifua kilichomlazimisha kutafuta kamera nyepesi ndicho kilichomchukua.

Yaliyotokea Wetzlar baada ya kifo chake lazima niyataje, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watu waliowahi kukimbia. Wanazi walipowabana Wayahudi, Ernst Leitz wa pili aliwahamishia nje wafanyakazi wake wa Kiyahudi na vijana aliowapokea kama wanagenzi, wengi wao kupitia ofisi ya New York, hasa mwaka 1938 na 1939. Binti yake, Elsie, alifungwa na Gestapo mwaka 1943 kwa kumsaidia mwanamke wa Kiyahudi kutorokea Uswisi. Kiwanda hicho hicho, wakati wa vita, kiliwatumikisha watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka mashariki, wakiwamo wanawake wa Ukraine. Yote mawili ni kweli, na sioni namna ya kulifuta moja kwa lingine.

Na Ukraine ndiko ilikoanzia lenzi yangu, kwa njia ya kuzunguka. Karibu na mji wa Kharkiv, mwaka 1927, ilianzishwa jumuiya ya watoto wasio na makwao, waliotapakaa barabarani baada ya vita na njaa. Mlezi wao alikuwa Anton Makarenko, mwalimu ambaye sisi wa taaluma hii tunamfahamu kwa maandishi yake ya malezi. Vijana wale walisoma nusu ya siku na kufanya kazi nusu nyingine. Mwaka 1934 wakaanza kutoa kwa wingi kamera iliyonakili Leica II ya Barnack, ikiitwa FED, kwa herufi za jina la Felix Dzerzhinsky, ambaye jumuiya ilipewa jina lake. Hawakuomba ruhusa kwa Leitz. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilipelekwa pia Krasnogorsk, karibu na Moscow, na kufikia mwaka 1948 zikatoka kamera za Zorki. Wajapani nao, Canon wakiwamo, walitengeneza kamera na lenzi za mdomo ule ule wa milimita 39. Leitz wenyewe waliuacha mdomo wa kuzungusha walipotoa Leica M3 mwaka 1954, wakaweka wa kukaza kwa kugeuza kidogo, lakini walitengeneza pete ili lenzi za zamani zikae kwenye kamera mpya.

Kwa hiyo dunia ilijaa lenzi za mdomo mmoja, na kamera zake zikafa moja baada ya nyingine: mapazia yakachanika, filamu ikawa ghali, maabara zikafungwa. Kamera za dijitali za mwanzo zenye kioo cha kuakisi ndani hazikuweza kuzisaidia. Kioo kile kinahitaji nafasi, na kwenye Canon au Nikon za aina hiyo umbali kutoka mdomoni hadi kwenye kipande kinachopokea mwanga ni zaidi ya milimita 40. Lenzi iliyotengenezwa kukaa kwenye 28.8 ingebidi izame ndani na kugongwa na kioo. Mwaka 2004 Epson walitoa kamera ya dijitali ya kipima umbali, na Leica wakafuata mwaka 2006, lakini bei zake si za mwalimu. Mlango ulifunguka mwaka 2008, Panasonic walipotoa kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kile kioo. Sony wakafuata mwaka 2010. Kwenye hizo za Sony umbali ni milimita 18 tu. Toa 18 kwenye 28.8, unabaki na 10.8. Ukiweka katikati pete ya chuma yenye unene huo, lenzi ya Barnack inafikiri iko nyumbani.

Mwaka 2019 mpwa wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na kamera ya Sony iliyotumika, ya aina hiyo ndogo, aliyoipata kwa bei ya kutupa kwa sababu haikuwa na lenzi. Alikuwa amepanga kuiuza. Nikamwambia asiuze kwanza. Nikamtuma pete, ikaja na lori wiki ya tatu, kwa bei ya kilo chache za mchele. Nikaitoa ile Industar kwenye mfuko wa plastiki, uliokuwa umepauka. Ikazunguka mara mbili na ushee, ikakaza.

Kamera ikagoma. Skrini ikaandika kwamba hakuna lenzi. Nusura nitukane. Mpwa wangu akapekua menyu mpaka akakuta mahali pa kuiruhusu kupiga bila lenzi, kwa kuwa lenzi ya zamani haina waya wala chipu, na kamera haiwezi kujua kwamba ipo. Hilo ni la kwanza kwa atakayejaribu. La pili, kila kitu ni kwa mkono: unafungua mwanga kwa kipete cha mbele, unalenga kwa kuzungusha, na unaikuza sehemu ya picha kwenye skrini ili uone kope za mtu zimekaa sawa. Hapa lenzi za Kisovieti zinapata bahati ambayo hazikuwa nayo. Zikiwekwa kwenye Leica ya filamu, kipima umbali cha Kijerumani na lenzi ya Kirusi havikuelewana sawasawa kwa vitu vya karibu. Kwenye dijitali hakuna kijiti cha kudanganywa. Unachokiona ndicho kinachonaswa.

La tatu ni la hatari. Lenzi kama Elmar na Industar-22 zina shingo inayozama ndani ili kamera iingie mfukoni. Kwenye kamera ya dijitali usiizamishe kamwe, itagonga vitu vya ndani. Ivute, ikaze, iache hivyo. Kabla ya kununua imulike kwa tochi kutoka nyuma, uangalie nyuzinyuzi kama utando wa buibui: huo ni ukungu wa kuvu, na kwa unyevu wa ziwani kwetu unaenea. Vumbi kidogo halina neno. Usiielekeze kwenye jua, maana picha nzima itapauka kama shuka lililofuliwa mno. Mimi hukinga kwa kiganja.

Kuhusu ile 24 kwa 36: kamera za dijitali za bei kubwa zinaitwa za fremu kamili kwa kuwa kipande chao cha kupokea mwanga kina ukubwa huo huo aliouchagua Barnack kwa kuunganisha picha mbili za sinema. Ile ya mpwa wangu ni ndogo zaidi, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inaona kama ya 75. Kwa uso wa mtu inafaa kuliko ilivyofaa kwenye filamu.

Picha ya kwanza ya maana niliyoipiga nayo ni ya mama. Ilikuwa saa kumi jioni, nikamkalisha kando ya dirisha, chini ya yale mabati ya mkopo. Akaomba asubiriwe, akaingia ndani, akatoka na ile picha ya Ulyankulu, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Sikumwelekeza. Nilichukua muda mrefu kulenga, mkono ulikuwa unatetemeka, na yeye hakuwa na haraka. Alizoea kupigwa picha na mtu anayezungusha lenzi polepole. Pembeni picha ni laini, katikati inaonekana kila mkunjo wa ngozi, na ndani ya ile picha ndogo mikononi mwake unaweza kumtambua baba.

Mama alifariki mwaka 2021. Katika picha zake zote, kumi na moja kwa jumla, tisa ni za lenzi ile. Iliyobebwa mbele ya jeneza ni ya dirishani.

Mpwa wangu hakuiuza kamera. Siku hizi huja Jumamosi, tunapiga picha za pasipoti za wafanyabiashara wanaovuka Mugina, ingawa kwa kazi hiyo namwachia atumie lenzi yake mpya inayolenga yenyewe, kwa kuwa foleni haisubiri. Industar naitunza kwenye kopo pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Lile sanduku la dhahabu lipo juu ya kabati darasani, mdomo wazi, bila lenzi. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza kama ni dhahabu kweli, nami humpa aipime kwa mkono.